Je, wajua kwa nini dereva wa miaka ishirini akihamia nchi nyingine anajikuta kama hajui kuendesha?

Desemba 1931 Winston Churchill, huyu ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa New York usiku anatafuta nyumba ya rafiki yake. Akashuka kwenye teksi, akaanza kuvuka Fifth Avenue, na alipofika katikati ya barabara akafanya kitu ambacho mwili wake ulikuwa umefanya maisha yote kule kwao, akatupa macho kushoto. Uingereza ukishafika katikati magari yaliyobaki yanatokea kushoto kweli, ila Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo ile nusu ya pili ya barabara magari yanatokea kulia, na gari likatokea hukohuko kulia likamgonga. Alipona, na baadaye akaandika mwenyewe kwamba mazoea ndo yaliyomponza.

Na huyo alikuwa kwa miguu tu. Sasa mchukue mtu aliyeendesha gari miaka ishirini, hajawahi hata kukwaruza bampa, mpeleke nchi nyingine umkabidhi usukani. Wiki ya kwanza utamwona anasitasita kwenye makutano kama kapata leseni jana, anapigiwa honi na haelewi kakosea nini, safari ya nusu saa tu anafika nyumbani kachoka hoi. Na gari ni gari lilelile, breki iko palepale, taa nyekundu ni nyekundu dunia nzima. Kwa nini iwe hivyo?

Nimelifikiria sana hili kwa sababu naona watu wanaotaka kuhama wanaulizia kila kitu, kodi ya nyumba, shule, hospitali, baridi ikoje, kazi zinapatikanaje, halafu barabara wanaiacha mwisho kabisa au hawaiulizii kabisa, wanaona barabara ni barabara tu. Wakati hicho ndo kitu utakachokutana nacho kila siku asubuhi na jioni, wewe na watoto wako, na Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021 peke yake. Kwa hiyo tuliangalie vizuri.

Unapojifunza kuendesha, akili yote iko kwenye gari lenyewe, klachi, gia, vioo. Baada ya miaka hivyo vyote mwili unavifanya bila kuuliza, na akili inahamia kwenye kazi nyingine ambayo hata huijui kama unaifanya: kukisia wenzako. Yule aliye kwenye makutano atanisubiri, yule mama pale pembeni hatashuka barabarani, yule wa nyuma yangu atapunguza nikiwasha indiketa. Unakisia mamia ya mambo kwa safari moja na karibu yote unayapatia, ndo maana unaendesha huku unapiga stori. Lakini makisio hayo umeyaokota mahali fulani, kwa watu fulani, barabara fulani. Ukihama, gari la zamani unaliuza, ila makisio unasafiri nayo na huko uendako hayafanyi kazi. Uchovu ule wa wiki ya kwanza ni wa akili kulazimika kufikiria tena vitu ilivyokuwa imeacha kuvifikiria zamani.

Tuanze na lile ambalo kila mtu analijua, upande wa kuendesha. Karibu theluthi moja ya watu duniani wanaishi kwenye nchi zinazoendesha kushoto, wengine wote kulia, na sehemu nyingi upande ulifuata mtawala, Waingereza walipopita mara nyingi palibaki kushoto, Wafaransa na Wabelgiji walipopita palibaki kulia (Japani ni kushoto na haikuwahi kutawaliwa na Mwingereza, kwa hiyo kanuni hii sio ya kufunga macho). Na upande unabadilishika. Nigeria ilihamia kulia mwaka 1972, Ghana ikafuata 1974, maana majirani zao waliotawaliwa na Wafaransa wote walikuwa kulia na magari yanavuka mipaka. Samoa wakafanya kinyume, tarehe 7 Septemba 2009 wakatoka kulia kwenda kushoto, na sababu kubwa ilikuwa magari, walitaka watu waweze kuleta magari ya bei nafuu kutoka Japani, Australia na New Zealand ambayo usukani uko kulia. Yaani upande wa barabara wa nchi nzima uliamuliwa na magari yanatoka wapi, na hii inakugusa hata wewe unayehama, maana ukifikiria kusafirisha gari lako ujiulize kwanza usukani utakaa wapi. Ukiwa na usukani upande usio wake, kila ukitaka kuovateki lori inabidi utoe karibu gari zima ndo uone mbele, na kuna nchi haziruhusu kabisa kulisajili gari la namna hiyo.

Ila upande ndo shida ndogo, amini usiamini. Kila mgeni anaujua, anaukumbuka, anauogopa. Yanayoumiza ni yale ambayo hakuna aliyekuambia.

Mfano nani apite kwanza. Chukua raundabauti, au kiplefti kama wengine tunavyoiita, na hilo jina lenyewe limetokana na kibao cha kuwaambia madereva wabane kushoto, kwa hiyo ukihamia nchi ya kulia hata jina linakudanganya. Uingereza waliweka sheria mwaka 1966 kwamba anayeingia amsubiri aliyemo ndani, na sheria hiyo ikasambaa sehemu nyingi duniani kwa sababu inazuia mzunguko usijifunge. Lakini nenda Paris kwenye ule mzunguko mkubwa wa Arc de Triomphe, pale anayeingia ndo mwenye haki na aliyemo ndani anasimama. Na sio pale tu, Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji na nchi nyingine kadhaa za Ulaya zina sheria kwamba kwenye makutano yasiyo na kibao wala taa, anayetokea kulia kwako anapita kwanza. Hata kama wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa na yeye katokea kwenye kichochoro. Mgeni anaona gari dogo linamchomekea kutoka kulia bila hata kupunguza, anakasirika, anapiga honi, kumbe mwenye makosa ni yeye.

Marekani na Kanada nako utakuta njia panda yenye kibao cha kusimama pande zote nne, wote mnasimama, halafu aliyefika kwanza anaondoka kwanza, na watu wanakumbuka nani kafika lini kama foleni ya benki. Hukohuko Marekani sehemu nyingi unaruhusiwa kukata kulia taa ikiwa nyekundu, mradi usimame kwanza uangalie, lakini ukiingia jiji la New York ruhusa hiyo haipo mpaka uone kibao kinachosema unaweza. Ujerumani unaweza pale tu palipo na kibao cha mshale wa kijani. Sehemu kubwa ya Ulaya ukikata kwenye nyekundu umevunja sheria moja kwa moja, sasa fikiria mtu aliyefanya hivyo miaka kumi bila kuwaza.

Halafu taa za mbele. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu naona ndo panatisha kuliko pote. Kuna sehemu mtu akikupigia taa anamaanisha pita, nakusubiri. Na kuna sehemu akikupigia taa anamaanisha nakuja, usithubutu kuingia. Ishara moja, maana mbili zinazopingana kabisa, na hakuna kitabu kinachokuambia huko unakoenda wanatumia ipi. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinasema taa zipigwe kwa ajili ya kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi, lakini watu barabarani wana matumizi yao, na mara nyingi ni kumwambia mwenzako apite. Honi nayo hivyohivyo, kuna miji honi ni salamu na taarifa, nipo ubavuni kwako, kuna miji honi ni tusi, na kuna inayopiga faini ukiipiga bila sababu. Ukikaa wiki moja unasikiliza tu utajua uko kwenye mji wa aina gani.

Hata kuingia kwenye leni nyingine kuna tabia zake. Barabara ikibana kutoka leni mbili kuwa moja, sehemu nyingine mstaarabu ni yule anayehama mapema na anayeenda mpaka mwisho anaonekana ametanua, watu wanambania. Ujerumani ni kinyume, sheria yenyewe inasema uende mpaka mwisho wa leni halafu muingiane mmojammoja kama meno ya zipu. Na hukohuko Ujerumani kwenye ile barabara kuu yao ya Autobahn, ambayo vipande vyake vingi havina kikomo cha spidi ila ushauri tu wa kilomita 130 kwa saa, kumpita mtu kwa kulia ni kosa, na mantiki yake unaielewa ukiona gari la nyuma linakukaribia kwa spidi ya ajabu: mfumo wote unategemea kila mtu kujua anayekwenda mbio atatokea upande gani. Marekani kupitwa kulia ni jambo la kila siku. Kwa hiyo dereva wa Marekani Ujerumani sio dereva mbaya, amejifunza kukisia kwingine tu.

Vibao navyo vinafanana halafu havifanani. Kuna mkataba wa Vienna wa 1968 uliojaribu kuzileta nchi pamoja, ndo maana pembetatu yenye ukingo mwekundu unaielewa nchi nyingi bila kusoma lugha yao, lakini Marekani tahadhari wanaiweka kwenye kibao cha njano kilichosimama kwa ncha, na Japani kibao cha kusimama ni pembetatu nyekundu iliyogeuzwa kichwa chini, sio ile ya pembe nane uliyoizoea. Namba nazo: Uingereza na Marekani spidi ni maili, kibao cha 70 kule ni kama kilomita 112. Hata pombe, Hungary na Jamhuri ya Czech ni sifuri kabisa, Sweden ni gramu 0.2 kwa lita ya damu, England ni 0.8, kwa hiyo kiwango kilichokuwa halali jana leo kinakupeleka mahakamani.

Sasa kuna jambo moja watu hawalioni kabisa, kwamba barabara yenyewe inafundisha. Mpe mtu barabara pana, iliyonyooka, leni za upana wa kutosha lori mbili kupishana kwa raha, halafu mwekee kibao cha 50, ataenda 80 na hatahisi kama anakimbia, kwa sababu macho yake yanamwambia hapa ni salama. Mpe barabara nyembamba yenye miti pembeni, kona fupi na watu wanavuka, atapunguza bila kibao. Injinia wa Uholanzi aliyeitwa Hans Monderman alilichukulia hili kwa uzito mpaka akang'oa taa na vibao kwenye makutano yenye shughuli nyingi mji wa Drachten, wazo lake likiwa kwamba dereva asiye na uhakika anamwangalia mwenzake usoni na anapunguza mwendo. Sio kila mtu anakubaliana naye, hasa watu wasioona wanategemea sana vivuko vinavyoeleweka, lakini hoja ya msingi ninaiamini: tabia ya madereva wa mji nusu yake imejengwa na waliochora barabara. Na spidi sio jambo la kuchukulia kawaida, mtembea kwa miguu akigongwa na gari la kilomita 65 kwa saa hatari ya kufa ni mara nne na nusu zaidi ya akigongwa na la 50. Kilomita 15 tu.

Kwa hiyo ukienda kuutazama mji kabla hujaamua kuhama, nenda kaisome barabara. Sitaki uiangalie kwenye ramani ya simu, simama pale pale. Chagua makutano utakayoyatumia kweli, ya kutoka kwenye hiyo nyumba unayoifikiria kwenda kazini au shuleni, usimame nusu saa asubuhi watu wakienda kazini, urudi tena usiku, na kama bahati inakupenda urudi mvua ikinyesha maana mvua inaanika kila kitu, mitaro iliyoziba, rangi ya leni isiyoonekana, mashimo yaliyojificha chini ya maji.

Angalia zebra kwanza. Magari yanasimama mtu akikanyaga, au yanasimama akiwa tayari katikati, au hayasimami na mtu anakimbia? Angalia nani anavuka, ukiona wazee wanavuka taratibu bila kugeuzageuza shingo, na watoto wanatembea wenyewe kwenda shule bila mkubwa, mji huo umekuambia jambo ambalo hakuna dalali atakayekuambia. Ukiona hakuna mtoto hata mmoja kwa miguu, uliza kwa nini.

Halafu angalia chini. Michirizi myeusi ya matairi kabla ya kona, hiyo ni breki za dharura za watu ambao kona iliwashtukiza. Vioo vilivyopondekapondeka pembeni ya njia panda. Kingo za chuma zilizobonyea na hazijabadilishwa. Matuta yaliyowekwa na wananchi wenyewe, yasiyo na rangi wala kibao, ukiyaona ujue kuna mtu aligongwa hapo na waliochoka kusubiri wakajiwekea wenyewe. Na kanjia kalikochimbika kwenye majani ya pembeni kanakoishia barabarani mahali ambapo hakuna kivuko, hapo ndo watu wanapovuka kila siku na dereva mgeni hajui.

Kwenye barabara kuu chagua nguzo moja, gari likiipita uanze kuhesabu mpaka la nyuma yake liipite. Sekunde mbili na kuendelea ni watu wanaoachiana nafasi. Ikiwa chini ya moja kila mara, basi huko utalazimika kuendesha hivyo, maana ukiacha nafasi mtu ataijaza, na ujue kama moyo wako unaweza. Panda teksi au basi ukae karibu na dereva, umwangalie anaangalia wapi, wenyeji macho yao yanaenda kwenye hatari kabla hujaijua. Ukiwa Uholanzi kwa mfano utamwona kila akikata kona anageuka kuangalia baiskeli, na anafungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango ili mwili ugeuke aone nyuma, kule wanafundishwa hivyo. Na sheria yao gari likigongana na baiskeli inamwelemea zaidi mwenye gari.

Makaratasi nitayapitia haraka ila usiyaache. Kile kibali cha kimataifa cha kuendesha ni kama tafsiri ya leseni yako, lazima utembee na leseni yenyewe, na kile cha mkataba wa Geneva wa 1949 kinakaa mwaka mmoja. Ukishakuwa mkazi saa inaanza kuhesabu, Ujerumani leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya unaitumia miezi 6, Uingereza mara nyingi miezi 12, baada ya hapo ni kubadilisha au kufanya mtihani upya, inategemea umetoka nchi gani. Wanaotoka sehemu zenye joto waulizie pia matairi ya baridi, Sweden na Finland ni lazima msimu wa barafu, na kuendesha kwenye barafu ni ujuzi mwingine kabisa ambao miaka yako ishirini haina.

Tarehe 3 Septemba 1967 saa 11 alfajiri Sweden nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia, magari yakasimama, yakavuka upande mwingine, yakaendelea. Watu walitegemea maafa. Kilichotokea ni kwamba ajali zilipungua, kwa sababu nchi nzima ilikuwa ngeni kwa siku moja na kila mtu aliendesha kwa kumwogopa mwenzake, halafu baada ya muda wakazoea na ajali zikarudi kule zilikokuwa. Kwa mgeni mmojammoja ni hivyohivyo, wiki ya kwanza una hofu na hofu inakulinda. Kosa linakuja baadaye, umeshalegea lakini mwili bado haujahama, na mara nyingi linakuja barabara ikiwa tupu, alfajiri unatoka kituo cha mafuta, hakuna gari la kulifuata, unawaza mambo yako na mikono inakata kuelekea upande wa zamani. Kwa saa hizo kuna njia moja rahisi inayofanya kazi nchi zote, mradi gari ni la kule kule: wewe dereva siku zote uwe karibu na mstari wa katikati, abiria wako awe upande wa ukingo. Ukiona mtaro uko upande wa dirisha lako, simama.